Nilikwenda Kigoma kuliona ziwa

Sokoni Tanga muuzaji akisema "hawa wa Kigoma," bei ya dagaa hupanda papo hapo na wateja hawabishi. Sisi wenye bahari mlangoni tunamnunua samaki aliyevuka nchi nzima. Nafundisha baiolojia sekondari, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la kule Urusi, kwamba urefu wake ni kilomita 670 hivi, na kwamba Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zinaligawana. Yote hayo niliyatoa vitabuni. Likizo fupi ya Septemba nikafunga safari.

Nilichagua treni ya reli ya zamani, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914 wakati wa Wajerumani. Ni kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam, na hazina haraka. Tabora mabehewa hugawanywa, mengine ya Mwanza, mengine ya Kigoma, na hapo kila mtu hushuka kunyoosha miguu na kununua asali. Ukishapita Kaliua miombo haiishi. Uvinza, mji wa chumvi, abiria huanza kufunga mizigo mapema kuliko inavyohitajika, na mwishowe ziwa linatokea upande wa kushoto, jembamba kwanza, kisha limejaa dirisha zima. Ng'ambo kuna milima ya Kongo. Stesheni ya Kigoma yenyewe, jengo la Kijerumani lenye matao, ingetosha kuwa kivutio cha mji mwingine wowote.

Wageni wengi wakishuka hapo hulala, asubuhi wakapanda boti kwenda Gombe, kisha wakapita Ujiji kupiga picha. Siwalaumu. Gombe ndiko alikofika mtafiti wa sokwe Jane Goodall Julai 1960, na mengi ambayo dunia inayajua kuhusu sokwe yalianzia kwenye vilima vile. Nilikwenda, nikawaona, na nitakusihi uende. Lakini wageni hao hulipita ziwa juu kwa juu, wakilihesabu kuwa njia ya kuwafikisha kwa sokwe, na hilo linaniuma, maana kitu kikubwa kuliko vyote Kigoma ni maji yenyewe.

Nilianzia mwalo wa Kibirizi, alfajiri, wakati vipe vinarudi. Kipe ni chombo cha mbao cha kuvulia dagaa usiku kwa taa na wavu unaoshushwa chini ya mwanga kisha ukavutwa juu. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Taa huvuta vijidudu vya majini, vijidudu huvuta dagaa, na dagaa huvuta migebuka wanaowala. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazifui dafu, kwa hiyo wavuvi hupumzika, wakatengeneza nyavu na kungoja giza. Kalenda ya mji mzima inafuata mwezi: fundi wa mashine, mama ntilie na dereva wa bajaji, wote wanajua lini kuna giza na lini hakuna.

Dagaa wabichi huuzwa hapo hapo kwa ndoo, kelele zikiwa nyingi, halafu kina mama huwachukua kwenda kuwaanika. Nilimkuta mama mmoja akitandaza wake juu ya chanja ya wavu, akiwatawanya kwa vidole ili wasilaliane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatokea wapi?"

"Tanga."

"Tanga si mna bahari? Umefuata nini huku?"

"Dagaa wako."

Akacheka, akanipa wachache waliokwishakauka. "Tafuna. Ukisikia mchanga kwenye meno, ujue si wa kwangu." Dagaa wa chanjani hung'aa fedha ubavuni, mgongo una kijani kidogo, na akikauka vizuri unamvunja kwa kidole bila kupinda. Wale wa kuanikwa mchangani chini ni rahisi zaidi, na sababu unaipata ukitafuna. Aliniambia adui yake ni mvua. Ikinyesha siku mbili mfululizo mzigo unaharibika na mtaji unakwenda nao, kwa sababu fedha ya mvuvi imeshalipwa.

Kigoma kuna kituo cha TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Kijana mmoja mtafiti alinikubalia kupanda naye boti asubuhi iliyotulia. Kifaa chake cha kwanza kilikuwa sahani nyeupe na nyeusi iliyofungwa kwenye kamba yenye fundo kila mita. Unaishusha majini hadi isionekane, ukahesabu mafundo. Fundo la kumi lilipita nikiwa bado naiona waziwazi. Kwa mtu aliyezoea maji ya mlango wa Pangani wakati wa masika, hilo lilinifanya nikae kimya kidogo.

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelifundisha vibaya mno kwa miaka, kwa haraka ya mtaala. Ziwa hili lina tabaka. Juu kuna maji ya vuguvugu, mepesi, yenye oksijeni. Chini kuna maji ya baridi kidogo, mazito, na tofauti ya joto kati ya juu na chini ni digrii 3 tu hivi, lakini zinatosha kuyazuia yasichanganyike. Upande wa Kigoma, ukishapita mita 100 na kitu, oksijeni imekwisha. Chini ya hapo, zaidi ya kilomita moja ya maji, hakuna samaki hata mmoja, kuna gesi inayonuka mayai viza. Viumbe wote wanaosifiwa wa Tanganyika wanaishi kwenye utando mwembamba wa juu.

Tatizo ni kwamba kila kinachokufa huzama, kikaenda na rutuba yake gizani. Anayeirudisha ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya ziwa, ndugu wa kusi yetu ya pwani, ukasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Kule kusini, Zambia, maji ya chini hupanda kujaza nafasi, yakiwa na rutuba. Upepo ukitulia, tabaka zilizoinama hurudi na kuyumba huku na huku kwa majuma kadhaa bila mtu wa juu kuona chochote. Vijimea huota, vijidudu hula vijimea, dagaa hula vijidudu. Dagaa niliowatafuna Kibirizi ni upepo huo.

Ndiyo maana habari ya joto inatisha hapa kuliko mahali pengine. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha kwenye jarida la Nature makadirio kwamba uzalishaji wa vijimea ziwani umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki huenda wamepungua kwa asilimia 30 hivi. Sababu ni kwamba maji ya juu yakizidi joto huzidi wepesi, na upepo unashindwa kuyachanganya. Wavuvi wengi ziwani ni kweli, na nyavu za macho madogo ni kweli. Lakini hata mvuvi akikaa nyumbani, rutuba isiyopanda haitapanda.

Mchana tulikwenda kwenye miamba upande wa Bangwe nikavaa miwani na mrija. (Uliza wenyeji kwanza kabla ya kuingia majini popote, mamba wapo sehemu za ziwa hili, na yupo swila wa majini ambaye kazi yake ni samaki, si watu.) Sikuwa tayari kwa nilichokiona. Ziwani humu kuna sichlidi, jamii ya samaki wa maji matamu, wa aina zipatazo 250, karibu wote hawapo popote pengine duniani, na wengi wanaishi kwenye mawe hayo hayo ya kando. Kila jiwe lina mwenyewe. Samaki mmoja mweusi mwenye mkanda wa njano alikuwa anakwangua ukijani kwenye jiwe lisilozidi upana wa meza, na kila jirani alipokaribia alimfukuza hadi mpaka fulani usioonekana, akarudi kukwangua. Niliogelea nikarudi, bado yumo kwenye mgogoro wa ardhi.

Kwenye mchanga kati ya mawe palikuwa na magamba matupu ya konokono, na ndani yake vijisamaki. Vinaishi humo na majike hutaga humo. Nilipoteremsha mkono vilitoweka vyote, kila kimoja kwenye gamba lake.

Mtafiti alinionyesha pia mla magamba. Samaki huyu huishi kwa kuwanyofoa wenzake magamba ubavuni, na mdomo wake umepinda upande mmoja. Aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, aliyepinda kushoto hushambulia wa kulia. Mjapani Michio Hori alionyesha mwaka 1993 kwamba idadi yao hucheza nusu kwa nusu, kwa sababu wa upande mmoja wakizidi, windo hujifunza kuulinda upande huo na wale wachache wa upande wa pili ndio wanaoshiba. Yupo na kambale mdogo wa madoadoa anayechomeka mayai yake kati ya mayai ya samaki mwingine anayelelea mdomoni. Mama huokota yote bila kujua. Vitoto vya kambale huanguliwa mapema, vikala vya mwenye mdomo.

Tukiwa tunarudi niliona konyeza. Kwenye maji matamu! Wadogo, wapana kama sarafu ya mia mbili, wanafunguka na kufunga taratibu kandokando ya boti, wala hawawashi. Mjerumani Richard Böhm ndiye aliyewaripoti mwaka 1883, na kwa kuwa konyeza anajulikana kwa bahari, na konokono wa hapa wanafanana na wa baharini, wanasayansi wa Ulaya walianza kudhani ziwa hili lilikuwa mkono wa bahari ya kale. Mwanasayansi Mwingereza John Moore alikuja mara mbili kulichunguza suala hilo akaliandikia kitabu. Dhana ikaanguka baadaye. Ziwa halijawahi kuwa bahari. Limekaa kwenye Bonde la Ufa mamilioni ya miaka, muda wa kutosha kwa konokono wake kujitengenezea magamba mazito kama ya baharini.

Ujiji nilifika nikiwa na hayo kichwani, na nikayaona mambo tofauti. Mji huu ni wa Waswahili wa bara: misikiti, nyumba za udongo zenye baraza, wazee wa Kimanyema, miembe ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, njia ya pembe na ya watumwa. Chini ya miembe ndipo mwandishi wa gazeti Stanley alipomkuta mpelelezi Livingstone mwaka 1871. Watu huishia kwenye salamu yao, "Dk. Livingstone, nadhani?" Mimi nadhani kilichofuata ni kizuri zaidi: Novemba hiyo hiyo wakitafuta chanzo cha Nili, walipanda mtumbwi hadi kaskazini kuangalia Mto Ruzizi unaelekea wapi, wakakuta unaingia ziwani, hautoki. Kwa hiyo ziwa hili halikuwa chanzo cha Nili kwa njia ile.

Na ukisimama penye mnara wa kumbukumbu yao utajiuliza ziwa liko wapi, maana ufuko umekaa mbali chini. Katika karne ya 19 maji yalikuwa juu. Mwaka 1878 hivi yalivunja kizuizi kwenye Mto Lukuga, upande wa Kongo, yakaanza kutoka, na uso wa ziwa ukashuka mita 10 hivi katika miaka iliyofuata. Miaka ya karibuni yamepanda tena, yakaingia kwenye nyumba na mialo ya Kigoma. Wazee niliozungumza nao barazani hawakushangaa sana. Ziwa, walisema, huja kuchukua chake.

Chakula nilikula hapo Ujiji: mgebuka wa kuchemsha uliotiwa mawese, na ugali wa muhogo. Mawese ya Kigoma ni mekundu kweli, yanakamuliwa na kina mama pembezoni mwa mji, na harufu yake hubaki mikononi mpaka jioni. Mise, kokwa zilizobaki, nazo hukamuliwa mafuta ya sabuni. Hakuna kinachotupwa. Vitenge vya akina dada sokoni ni habari nyingine ndefu. Fedha yangu nyingi iliishia huko.

Meli ya Liemba niliitazama kwa mbali, bandarini. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa reli ile ile niliyopanda, ikaundwa hapa na kushushwa majini 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 ikabeba watu na mizigo ya mwambao mzima. Natamani kuiona ikitembea.

Jioni moja nilikaa na nahodha wa kipe pale Kibirizi akingojea giza. Nilimuuliza kuhusu kufungwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi zote nne. Dagaa huishi mwaka mmoja tu hivi, kwa hiyo miezi mitatu ya kuzaa bila bughudha si kidogo kwao. Kwa nahodha nayo haikuwa kidogo. Alikwenda kwao Kasulu akalima muhogo, watoto wakala muhogo.

"Yalipofunguliwa je?"

"Tulipata. Siku za mwanzo tulipata vizuri, wakubwa." Akaonyesha kwa kidole urefu wa dagaa. "Wakifunga tena nitakwenda kulima tena, mwalimu. Sharti wafunge wote wanne, na watuambie mapema tuweke mbegu."

Vijana wake walikuwa wameshapakia betri. Akaniaga, wakasukuma kipe majini.