Na asubuhi yake?

Kule kituoni, kituo cha kuwatibu waraibu wa dawa za kulevya, hatukuitana majina. Kila mmoja alibeba jina la mtaa wake wa Mombasa: Likoni, Majengo, Mtongwe. Mimi nilikuwa Tudor. Tulikuwa vijana wa miaka 14 hadi 17, tumeletwa na wazazi waliochoka kulia. Wengi kwa bangi, muguka (majani ya kutafuna, jamii ya miraa) na tembe za kulevya, wachache kwa unga, yaani heroini.

Kikao cha kundi kilikuwa baada ya sala ya Alasiri. Viti vya plastiki vilipangwa duara, na Mwalimu, ndivyo tulivyomwita mshauri wetu, akikaa popote palipobaki wazi. Kanuni zilikuwa ukutani: usimkatize mwenzio, na linalosemwa hapa libaki hapa. Ile iliyotutawala hasa haikuandikwa popote: anayechekesha ndiye mkubwa. Mkubwa wetu alikuwa Majengo. Alitumia unga, na alijua kusimulia alivyomkimbia askari kivukoni mpaka watu wakashika mbavu.

Siku hiyo zamu ilimfikia Mtongwe, mdogo kuliko sote, aliyeletwa kwa ajili ya muguka na tembe. Alianza kwa sauti ya chini, akaona hatumsikilizi, akabadilisha. Akasema alikuwa akivuta unga na wakubwa wa mtaani kwao, tena kila siku. Tukaanza kucheka. Akaongeza. Kila tukicheka anaongeza, shingo imenyooka, macho yote kwa Majengo.

Miaka baadaye, nikisomea ushauri nasaha, nilikutana na makala ya mwaka 1999 ya Thomas Dishion, mtafiti wa Marekani, na wenzake, wakionya kwamba kuwakusanya vijana wenye matatizo katika kundi moja kunaweza kuwazidishia matatizo, kwa sababu kicheko cha wenzao huwa ndiyo zawadi. Nilisoma nikamwona Mtongwe kabisa, pale kwenye kiti chake.

Majengo hakucheka.

"Arosto waijua weye?"

Mtongwe akasema anaijua, hiyo hali inayompata mraibu akikosa unga.

"Yaanzaje?"

Kimya. Tukamgeukia Mwalimu, tukingoja akemee. Hakukemea. Alimwambia Majengo, taratibu, "Basi mwambie mwanangu. Mwambie yaanzaje."

Majengo akaanza kwa miayo. Kwamba unapiga miayo na usingizi huna. Kisha makamasi, machozi, vipele vya baridi mwili mzima na nje jua linachoma. Tumbo linakata, unaharisha, unatapika. Miguu inarusha mateke yenyewe kitandani. Alisema mamake alimfungia chumbani kwa sababu alikuwa ameuza jiko la gesi, akakaa nje ya mlango akisoma Yasini, na yeye ndani akimtukana. Matusi yenyewe aliyataja, moja moja, bila kupunguza. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Mimi unga sijawahi kuugusa," Mtongwe akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa, kwa maana nililijua kundi letu. Kijana akiumbuka mbele ya wenzake kumi hulipiza usiku bwenini, au hutoroka. Lakini Majengo alijibu haraka, "Alhamdulillahi. Usiuguse," na Likoni, ambaye kwa kawaida hakuwa na neno, akamuuliza yale ya muguka yalianzaje. Mtongwe akayaeleza kwa ile sauti yake ya chini ya mwanzo. Tulilazimika kusogeza viti ili tusikie.

Bado naamini hakikuwa kitu kizuri kuwachanganya watoto wa muguka na vijana wa unga, na popote nifanyapo kazi nalipinga hilo. Ila Mwalimu angemkaripia Mtongwe kwa uongo wake, angempoteza. Neno la mtu mzima lisingefika lilikofika la Majengo.

Tangu siku hiyo kikawekwa kipengele kipya: ukisimulia ulivyolewa, lazima usimulie na kesho yake. Aliyekisimamia ni Majengo mwenyewe. Mtu akianza kuchangamka tu, anamkata: "Na asubuhi yake?"