Kabla Pampu Haijawashwa

Maji hayatengenezi tetemeko. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kwa sababu mabishano yote ninayoyasikia hapa Mbeya kuhusu jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi la kuzalishia umeme, yanaanzia kwenye maji. Mmoja anasema wakipampu maji ardhini mlima utapasuka. Mwenzake anamjibu kwamba maji hayana ubavu wa kutikisa nchi. Mimi naomba tuanze na mwamba.

Mwamba wa huku kwetu umebeba mzigo tangu zamani. Tumekaa pale ambapo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana: la Rukwa linalotoka kaskazini-magharibi, la Ziwa Nyasa linaloteremka kusini, na la Usangu. Ardhi inavutwa milimita chache kwa mwaka, na nyufa kubwa zilizo chini yetu zinashikiliwa na msuguano tu. Tarehe 13 Desemba 1910, upande wa Rukwa, mojawapo iliachia. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Hakukuwa na bwawa wala kisima kirefu wakati huo. Desemba 2009 ikawa zamu ya Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya mpaka wa Kyela: matetemeko mfululizo kwa wiki kadhaa, moja likifika 6.0. Hayo nayo hakuyaleta mtu.

Fikiria lori lililoharibika kwenye mteremko wa Kitonga, utingo akaliwekea jiwe kwenye tairi. Uzito wa lori na ukali wa mteremko havikuletwa na utingo. Lakini jiwe likisogezwa kidogo, lori linaondoka, na kinacholishusha ni uzito wake lenyewe. Maji yanayoingia kwenye ufa hufanya kazi ya kusogeza jiwe.

Baba mdogo wangu analima viazi Isongole, na shamba lake linatazama msitu wa Ngozi. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, ina mradi hapo Ngozi, na mwingine Kiejo-Mbaka upande wa Busokelo. Basi alinipigia simu: "Mwanangu, si wewe mwalimu wa fizikia? Wakishusha maji huko chini, nyumba yangu itakuwa salama?" Nilimwambia: "Baba, inategemea." Akauliza inategemea nini. Jibu lake halikuenea kwenye simu, ndiyo maana naliandika hapa.

Inategemea presha. Chukua ufa uliolala kilomita moja chini ya ardhi. Narahisisha ili hesabu ionekane. Mwamba ulio juu yake unaugandamiza kwa megapaskali (kipimo cha presha) 25 hivi. Maji ambayo tayari yamo kwenye vitundu vya mwamba yanasukuma kurudi juu kwa megapaskali 10. Kinachobana kuta mbili za ufa ni tofauti yake, 15. Zidisha kwa kizigeu cha msuguano, yaani namba inayoonyesha jinsi kuta zinavyoshikana, tuseme 0.6, unapata 9: ufa utavumilia kuvutwa hadi hapo. Sasa pampu maji mpaka presha ya ndani ipande kutoka 10 hadi 15. Tofauti inashuka hadi 10, na uvumilivu unakuwa 6. Hujaongeza nguvu yoyote ya kuvuta. Kama ufa ulikuwa tayari unavutwa kwa 7, utateleza. Hoja hii ya presha ya maji kupunguza mbano wa nyufa ilielezwa na wanajiolojia M. King Hubbert na William Rubey mwaka 1959, na wanafunzi wangu wa kidato cha tano huielewa ndani ya kipindi kimoja.

Marekani walijifunza kwa vitendo. Mwaka 1962 jeshi lilianza kushusha maji taka ya kiwanda cha kemikali kwenye kisima chenye kina cha mita 3,671 karibu na Denver. Baada ya wiki chache ardhi ikaanza kutikisika, mahali ambapo watu hawakuwa wamezoea hilo. Mwaka 1965 mwanajiolojia David Evans alisimama hadharani akaonyesha kwamba miezi ya kupampu sana ndiyo miezi ya matetemeko mengi. Februari 1966 pampu ilizimwa. Na tetemeko kubwa kuliko yote likaja tarehe 9 Agosti 1967, mwaka mmoja na nusu baada ya pampu kunyamaza.

Kisha, kuanzia 1969 hadi 1973, kwenye uwanja wa mafuta wa Rangely, Colorado, wanasayansi wakafanya jambo ambalo naliheshimu sana: walipandisha presha kwa makusudi, wakaishusha, wakaipandisha tena, huku vipimo vikisikiliza. Walikuwa wamekadiria kabla kwamba ufa ungeachia presha ikifika karibu megapaskali 25.7. Ikizidi hapo matetemeko yalikuja, ikishuka yalikoma. Kwangu mimi hapo ndipo kubahatisha kulipokuwa sayansi.

Lakini lile la Denver, la kuchelewa mwaka mmoja na nusu, lilinikosesha raha mpaka nilipolitengenezea programu yangu mwenyewe. Nitaeleza ilivyo, maana haihitaji mashine kubwa. Nilichora eneo la kilomita 20 kwa 20, nikaligawa katika vimraba vya mita 100, vyote 40,000. Katikati kuna kisima. Kanuni ni moja: kila baada ya saa sita, kila kimraba kinalinganisha presha yake na wastani wa majirani zake wanne, halafu kinausogelea wastani huo. Kinasogea kiasi gani? Hilo huamuliwa na mwamba, jinsi unavyopitisha maji. Nikachagua mwamba unaopitisha maji kwa shida kiasi, ambao presha husambaa ndani yake kwa mita ya mraba 0.1 kwa sekunde, nikaweka ufa kilomita mbili kutoka kisimani, nikawasha pampu kwa siku 30, kisha nikaizima.

Kisimani presha ilianguka papo hapo, kama mtu yeyote angetegemea. Kwenye ufa iliendelea kupanda. Ilifika kilele karibu siku ya 130, yaani miezi mitatu na zaidi tangu pampu izimwe. Presha iliyokwisha kuingia haijui kwamba swichi imezimwa. Inaendelea kusambaa kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo. Nikausogeza ufa hadi kilomita nne, na kilele kikaja karibu siku ya 480, ingawa kimo chake kilikuwa robo tu ya kile cha kwanza. Umbali ukiwa mara mbili, subira ni karibu mara nne. Nilipouona mstari ule ukipanda kwenye skrini baada ya pampu kuzimwa, niliwaita walimu wenzangu waje waone.

Programu yangu ni ya kitoto ukiilinganisha na za watafiti. Wao huweka tabaka za miamba, huongeza namna mwamba wenyewe unavyovimba na kusinyaa maji yanapoingia na kutoka, na huhesabu jinsi msuguano unavyobadilika mtelezo unapoanza. Kwenye jotoardhi kuna jambo la ziada ambalo kwangu bado halimo: maji ya baridi yakifika kwenye mwamba wa moto, mwamba husinyaa, na kusinyaa huko peke yake hulegeza nyufa. Pale The Geysers, California, kwenye uzalishaji mkubwa kabisa wa umeme wa jotoardhi duniani, matetemeko madogo yanayohusishwa na maji wanayorudisha chini ni ya kila siku.

Si visima tu; mabwawa nayo yanaweza kusogeza jiwe, na yana mambo mawili kwa pamoja. Uzito wa maji hugandamiza ardhi siku ileile ziwa linapojaa. Presha nayo hupenya chini taratibu, na inaweza kuchukua miaka. Mita 100 za maji huongeza megapaskali moja hivi chini ya ziwa. Inaonekana ndogo, lakini ufa uliokaribia kuteleza hauhitaji zaidi. Bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lilianza kujaa mwishoni mwa 1958. Mwaka 1963, ziwa likiwa limejaa, likaja tetemeko lililozidi ukubwa wa 6. Bwawa la Koyna huko India lilianza kujazwa 1962, na tarehe 10 Desemba 1967 tetemeko la 6.3 likaua watu karibu 200. Mpaka leo ardhi ya Koyna hutikisika, na mitikisiko hufuata kupanda na kushuka kwa maji.

Kwa hiyo ukivuka Mtera kwenye barabara ya Iringa kwenda Dodoma, usiogope. Bwawa lile ni pana sana lakini kina chake ni kifupi. Tofauti kati ya kiwango cha juu cha uendeshaji, mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kile cha chini, mita 690, haifikishi hata sehemu ya kumi ya megapaskali. Bwawa la Julius Nyerere ni habari nyingine: ukuta wa zaidi ya mita 130, na maji yalianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Maji ya Ruaha Mkuu yanayotoka Usangu yanaishia humo. Mabwawa mengi makubwa duniani hayajawahi kuleta tetemeko lenye madhara, na sisemi hili litaleta. Ninachosema ni kwamba kwa hesabu ya Kariba na Koyna, miaka mitano ya kwanza si muda wa kusema "mbona kimya".

Narudi kwenye Ngozi, maana ndipo moyo wangu ulipo. Kurudisha maji kwenye chanzo cha jotoardhi ambacho tayari kina maji na nyufa zake si sawa na kuupasua mwamba mkavu kwa presha kubwa. Hiyo ya pili ndiyo waliyoifanya Basel, Uswisi, Desemba 2006, wakapata tetemeko la 3.4 saa chache baada ya kusimamisha pampu, na mradi ukafa. Ndiyo pia ya Pohang, Korea Kusini, ambako tarehe 15 Novemba 2017 lilikuja tetemeko la 5.5, wiki kadhaa baada ya upampaji wa mwisho. Miaka mitatu kabla, Art McGarr, mtafiti wa matetemeko, alikuwa amependekeza kwamba ukubwa wa tetemeko una kikomo kinachopangwa na kiasi cha maji yaliyoshushwa. Nguvu ya tetemeko la Pohang ilikizidi kikomo hicho mara mia kadhaa. Ufa ulioachia haukuwa umechorwa kwenye ramani yoyote kabla.

Hapo ndipo modeli zote zinapogonga ukuta, yangu na za wakubwa. Kompyuta haiwezi kuhesabu ufa ambao hakuna aliyeiambia kwamba upo. Nyufa zilizofichika hujitambulisha kwa mitikisiko midogo sana, ile ambayo mtu haihisi lakini kifaa kinaisikia. Ikirekodiwa kwa miaka, inajipanga kwenye mistari, na mistari hiyo ndiyo nyufa zenyewe. Mahali penye volkano kama Rungwe, Ngozi na Kyejo, mitikisiko ya namna hiyo ipo hata bila pampu. Kama vifaa havikuwepo kabla, siku ardhi ikitikisika baada ya kisima kuanza kazi, mkulima atasema ni kisima, mhandisi atasema ni Bonde la Ufa, na hakuna atakayeweza kumwonyesha mwenzake kipimo.

Mimi nautaka umeme wa jotoardhi. Nafundisha watoto ambao usiku wanasomea tochi ya simu, na joto lipo chini ya miguu yetu. Ninachotaka kisikike kwenye mikutano ya vijiji ni hiki: vipima tetemeko viwekwe kuizunguka Ngozi miaka kabla ya maji kushushwa, vibaki miaka baada ya pampu yoyote kuzimwa, na takwimu zake ziwe wazi ili hata mwalimu wa sekondari aweze kuzipakua. Na kiwango kiwekwe mapema: mitikisiko ikifika ukubwa fulani presha inapunguzwa, ikizidi hapo kazi inasimama, bila kikao cha kujadili.

Wakati huohuo, ndugu zangu wa Isongole, Kiwira, Masoko na Busokelo, kuna kazi mnayoweza kuianza leo. Ardhi ikitikisika, andika tarehe, saa na dakika. Andika ulikuwa wapi, umekaa au umesimama, kama kulikuwa na ngurumo kabla, kama vyombo vililia kabatini, na mtikisiko ulidumu muda gani. Baba mdogo ameshaanza, kwenye daftari lilelile anamoandika mauzo ya viazi. Mnaweza kunitumia mnachoandika kupitia maoni hapo chini. Nitakipanga kwa tarehe na mahali, na kila atakayeomba nakala nitampa.