Kashata ilivunja jino, nikamkumbuka mjomba

Mwezi wa nne, masika imeshika kwelikweli, nilikuwa kibarazani kwangu hapa Magomeni namalizia kupiga cherehani sare za shule huku natafuna kashata ya karanga aliyoniletea jirani. Nikasikia "ka!" ndani ya kichwa. Nilidhani nimeuma kijiwe. Nilipotema kiganjani nikaona kipande cha kijivu, kidogo lakini kizito, upande mmoja kinang'aa na upande wa pili ni cheusi. Ulimi ulishakimbilia kwenye gego la chini kushoto na kukuta shimo lenye kingo kali.

Kipande kile nilikijua. Nilikuwa nacho mdomoni tangu 1993, nikiwa kidato cha pili. Meno manne yalikuwa yametoboka, mama akanipeleka hospitali moja ya Mwanza, na daktari mmoja mzee, mpole sana, akayaziba yote kwa siku mbili. Nakumbuka alivyotwanga dawa kwenye kinu kidogo cha kioo mpaka ikawa kama uji mzito unaometameta. Akaifunga kwenye kitambaa na kuikamua kwa vidole. Tone la rangi ya fedha likadondoka kwenye kisahani, likawa linakimbia huku na huku, halishikiki. Nilitamani sana kuligusa.

Miaka michache baadaye nililiona tone lile lile kwa mjomba wangu, Geita. Alikuwa mchimbaji mdogo. Lilikuwa zebaki. Yake aliiweka kwenye chupa ya maji, akiichanganya na mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu, halafu anakamua kwenye kitambaa, namna ile ile ya yule daktari. Kinabaki kidonge cha kijivu. Anakiweka juu ya kipande cha bati kwenye mkaa, pale pale uani, hatua chache kutoka jikoni kwa bibi. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Sisi tulichuchumaa pembeni tukisubiri kuona ile njano ikitokeza, tukivuta hewa hiyo hiyo.

Leo mjomba hawezi kushika kikombe cha chai kikiwa kimejaa. Mikono inatetemeka, usingizi hapati, na yeye aliyekuwa mcheshi wa ukoo mzima sasa hasira ziko karibu. Hospitali walimwambia aachane kabisa na zebaki. Akaacha. Kutetemeka hakukuisha.

Kwa hiyo msinishangae kwamba usiku ule sikulala. Nilisimama mbele ya kioo na tochi ya simu nikihesabu: moja limevunjika, matatu bado yana ule mzibo wa kijivu. Miaka thelathini na mitatu. Nikajiuliza nimemeza kiasi gani.

Kesho yake kwenye kundi letu la kikoba nikaeleza, na haikupita saa moja dada mmoja akarusha sauti ndefu inayosema zebaki ya meno ndiyo inayoleta kila ugonjwa, kila mwenye nayo akaitoe yote haraka. Nikaamini. Nikaenda kliniki ya kwanza niliyoiona njiani. Kijana wa pale alikuwa mchangamfu, akaniambia yote manne tunayatoa leo leo, dakika arobaini umemaliza. Chumba kidogo, dirisha limefungwa kwa sababu ya kiyoyozi. Nikamuuliza, baba, huo unga utakaotoka utakwenda wapi? Akasema, "Mama, utasukutua tu, haina neno." Labda kwa mtu mwingine lisingekuwa neno. Mimi nilimwona mjomba amechuchumaa juu ya bati lake. Nikashuka kwenye kile kiti, nikaomba radhi, nikaondoka. Namshukuru Mungu kwa woga ule, kwa sababu niliyoyajifunza wiki iliyofuata yalinionyesha kwamba kliniki ile na yule dada wa kikoba walikuwa wananisukuma kwenye hatari ile ile kutoka pande mbili.

Mteja wangu mmoja alinielekeza kwa daktari wa meno Upanga. Binti mdogo kiumri, mtulivu. Aliniamkia, akaniuliza nimekula, akaniuliza dawa ninazotumia, ndipo akasema fungua kinywa. Akanipiga picha za magego yote manne. Kisha, kabla ya kushika chombo chochote, akavuta stuli akakaa mbele yangu, akaniuliza naogopa nini. Nikamweleza habari za mjomba.

Alichonieleza nitajaribu kukieleza hapa, kwa sababu sijakiona kikielezwa vizuri kwa Kiswahili. Mzibo wa kijivu ni mchanganyiko wa metali. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na nusu nyingine ni unga wa fedha, bati na shaba. Zikishachanganyika zinashikana na kuwa kitu kigumu, na zebaki inakuwa imefungwa humo. Haimwagiki. Unapotafuna, unapokunywa chai ya moto, au ukiwa mtu wa kusaga meno usingizini, kuna mvuke kidogo sana unaotoka. Lakini mvuke mwingi hutoka mara mbili tu katika maisha ya mzibo: siku unapowekwa na siku unapochongwa kutolewa. Mashine ya kuchonga inazunguka kwa kasi kubwa, inaleta joto, na joto ndilo linaloipaisha zebaki. "Mjomba wako aliichoma kwa mkaa, mama," akaniambia. "Mimi nikichonga kavu, bila maji, bila kunyonya, nakuwa nafanya kitu cha jamii hiyo hiyo kwa udogo wake, puani kwako."

Nikamuuliza kuhusu nilichokuwa nimemeza. Akasema zebaki ya metali ikiingia tumboni mwili huifyonza kidogo mno, inatoka na choo. Mapafu ndiyo yanayoipokea: katika mvuke unaovutwa, asilimia 80 hivi huingia kwenye damu. Nilikuwa nimeogopea tumbo wakati jambo lenyewe ni pumzi.

Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea. Katika meno yangu manne angegusa mawili tu. Lile lililovunjika, na moja la juu ambalo picha ilionyesha limeanza kuoza upya chini ya ukingo wa mzibo. Mawili mengine yalikuwa mazima na kingo zake zimebana. Nikabishana naye. Nilitaka vitu vile vyote vitoke kinywani mwangu, nilikuwa nimekuja na hela yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kuutoa mzibo usio na kasoro ni kukata na sehemu nzuri ya jino inayoushikilia, na ni kujitengenezea mvuke ambao usingekuwepo. Nimesoma mwenyewe baadaye kwamba hata Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishauri hivyo mwaka 2020: mzibo ukiwa katika hali nzuri usitolewe bila sababu ya kitabibu. Sababu zipo. Mzibo umepasuka, jino linaoza chini yake, au mtu ni mmoja wa wachache ambao miili yao haipatani na metali hizo na wanapata vidonda kwenye nyama ya shavu inayogusana nayo. Mimi sikuwa miongoni mwa hao.

Siku ya kutoa ilikuwa Jumanne, mvua ya kutosha, mwendokasi imejaa maji ya miavuli. Alizima kiyoyozi akafungua madirisha mawili. Akanichoma ganzi. Akanivalisha miwani na kitambaa mpaka shingoni. Kisha akachukua karatasi laini ya mpira, ya kijani, akaitoboa tundu moja, akalipitisha lile gego peke yake kwenye tundu na kulibana kwa kikoleo kidogo cha chuma. Jino likawa limesimama nje, na kinywa changu chote kiko upande wa pili wa mpira. Hakuna chembe itakayoangukia ulimini wala kooni. Nilipoelewa kazi ya ule mpira moyo ulitulia kuliko ganzi ilivyotuliza taya.

Msaidizi wake alishika bomba nene la kunyonya, akaliweka karibu kabisa na jino muda wote. Maji ya baridi yalimwagika bila kukoma. Naye hakuusaga mzibo kuwa unga. Aliukata mistari miwili iliyopishana, akaacha mashine, akachukua chombo cha mkono akavikwangua vipande vizimavizima. Kishindo kidogo, kipande kwenye kisahani, kishindo, kingine. Aliniambia wazi kwamba kwenye nchi nyingine wapo madaktari wanaomwekea mgonjwa bomba la hewa safi puani, yeye hana, na kwamba barakoa ya kawaida haizuii mvuke wa zebaki, kwa hiyo anategemea maji, bomba na dirisha, na kumaliza haraka. Nilimheshimu kwa kuniambia alichokosa. Mwisho akaosha na kunyonya kila kitu kabla ya kuutoa ule mpira, na glavu zake pia akazibadilisha.

Vile vipande havikuingia kwenye sinki wala kwenye taka. Viliingia kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, ambayo ilikuwa na vingine ndani. Takataka za hospitali mara nyingi huchomwa, akasema, na zebaki ikichomwa inarudi hewani.

Gego la chini aliliziba kwa kompositi, dawa ya rangi ya jino. Inapakwa tabaka jembamba, inamulikwa kwa taa ya buluu sekunde kama ishirini, tabaka jingine, taa tena. Inataka jino kavu kabisa, ndiyo maana ule mpira ulirudi. La juu, lililokuwa limeoza kwa ndani, alitumia saruji ya glasi ionoma, ambayo inang'ang'ania jino yenyewe na kutoa floridi polepole. Na hapo akanipa habari iliyonigusa. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, kwa watu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ndipo palipoanzia njia ya kuziba meno bila mashine na bila umeme: unakwangua uozo kwa vyombo vya mkono, unaziba kwa saruji inayoshika. Njia hiyo Shirika la Afya Duniani liliitangaza ulimwenguni mwaka 1994. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Kanda ya Ziwa wakati inaanza. Nimewaza sana kwamba ingenifikia darasani, huenda nisingeijua zebaki ya kinywani.

Mwanangu wa kwanza ana ujauzito wa miezi sita na ana mzibo mmoja wa kijivu. Aliposikia habari zangu alitaka utolewe kesho yake. Nikampeleka. Daktari akakataa: mzibo ni mzima, na mimba si wakati wa kuuchokonoa. Kuweka mpya wa zebaki pia hapana. Chini ya Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki, ambao Tanzania imo, nchi zilikubaliana mwaka 2022 kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 15 wasiwekewe isipokuwa pale daktari anapoona hakuna budi. Umoja wa Ulaya uliusitisha kwa watu wote Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona ni lazima kabisa kitabibu, na Novemba mwaka huo huo mkutano wa mkataba ukaweka 2034 kuwa mwisho wake duniani. Kwa hiyo binti yangu atasubiri mpaka amwachishe mtoto ziwa, ndipo walitazame jino. Amekubali, shingo upande.

Mimi nililipa mfukoni, laki moja na nusu kwa meno yote mawili. La chini lilisisimka na maji ya baridi kwa siku kumi hivi, na nilirudi mara moja kupunguziwa kimo cha mzibo kwa sababu lilikuwa linatangulia kugusana na la juu.

Jioni ya Jumanne ile, ganzi bado haijaisha na mdomo mzito, nilimpigia mjomba. Nikamsimulia mpira wa kijani, bomba, maji, dirisha. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Vile vipande," akauliza, "wamevipeleka wapi?"

Nikamwambia viko kwenye chupa, imefungwa.

"Wasivichome," akasema. "Waambie, mwanangu. Wasivichome."