Sensa Isiyo ya Kuhesabu Watu

Tororo, Jumapili usiku. Nimesugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, kucha bado nyeusi.

Asubuhi nilimwambia jirani kwamba leo nashinda gereji, nabadilisha sensa. Akanikodolea macho. "Sensa si tulihesabiwa 2024, mwalimu?" Nikacheka hadi getini. Baadaye, nikiwa nimeinama chini ya boneti, niliona hakukosea sana. Sensa ya gari, kidude cha kupima, nayo ni karani tu. Hakifungui wala hakifungi kitu. Kazi yake ni kuipasha kompyuta ya gari habari kwamba vali ya EGR, mlango unaorudisha moshi kidogo wa ekzosi kwenye injini, imefunguka kiasi gani. Karani akianza kubuni takwimu, injini nzima inapangiwa kazi kwa uongo.

Karani wangu alianza kubuni mwezi wa tatu. Gari ni la dizeli, la 2005, limeshaila barabara ya Malaba hadi Kampala mara nisizoweza kuhesabu. Taa ya injini ikawa inawaka asubuhi, mchana inazima, nami nikawa nalaumu kila kitu: dizeli ya kituo fulani, chujio, nozeli. Nozeli nilizitoa zikasafishwa, pesa ikaenda, taa ikarudi kesho yake.

Kilichonitia aibu kilitokea Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira. Nilisimama kununua gonja, zile ndizi za kuchoma, nikalipa, nikakanyaga mafuta. Gari likatema wingu jeusi tii. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona yule mama muuzaji akifunika sinia lake kwa upindo wa gomesi, gauni lake refu. Sikurudi kumwomba radhi. Nilikula ile gonja hadi Jinja bila kuisikia utamu.

Makanika wangu ni kijana, niliwahi kumfundisha ngeli darasa la sita, na hadi leo anasema "gari yangu". Alichomeka mashine, ikasoma msimbo P0406, yaani umeme unaotoka kwenye sensa umezidi. Hakuiamini mashine peke yake, na hapo ndipo ninapompendea. Akachukua mita, akapima waya tatu: mmoja una volti 5, mwingine ni wa ardhi, wa tatu ndio unaoleta habari. Akasukuma kipini cha sensa polepole kwa kidole gumba. Namba zilipaswa kupanda taratibu. Zikapanda, zikaruka, zikaanguka, zikaruka tena, kila mara mahali pale pale. Ndani mna njia nyembamba ya kaboni na kijiti cha chuma kinachoteleza juu yake. Miaka 20 ya kuteleza, njia imechimbika kama barabara yetu ya murram baada ya mvua.

"Mwalimu, tuizibe hiyo EGR tu," akasema. "Nakata kibati, naweka hapa, moshi mweusi kwisha."

Na kweli ungekwisha. EGR inarudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini, na ikirudisha kupita kiasi, dizeli inakosa hewa ya kutosha, inaungua nusunusu. Ndiyo masizi yale. Ukiiziba, gari linavuta vizuri, na mwenye gari anafurahi. Lakini moshi ule haurudishwi bure. Umeshaungua, hauwaki tena, kwa hiyo unapunguza joto la mwako. Joto likipanda sana, naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta na kwa kawaida haina ugomvi na mtu, inaungana na oksijeni na kuwa gesi inayochoma mapafu. Moshi mweusi yule mama aliuona, akafunika sinia. Ule mwingine angeufunikia nini? Nikamwambia kijana atafute sensa. Akatikisa kichwa, kama wanavyotikisiwa vichwa wazee wenye pesa ya kuchezea. Sina.

Ya kwanza ilitoka Kisekka, soko la vipuri Kampala, kwa taksi, plagi yake haikuingia. Ikarudi. Ya pili ilikuwa mtumba, bei nusu, nikakataa: kustaafisha mzee kwa kuajiri mzee mwenzake! Ya tatu mpya, shilingi 260,000, na hiyo ndiyo tumeifunga leo.

Kufunga ni dakika kumi. Kufungua ndiko kulikotula saa mbili. Tulitoa waya wa betri, halafu skrubu moja ikagoma. Tukailowesha, tukaigonga kidogokidogo, tukaenda kunywa chai, tukarudi. Vali yenyewe tuliitoa pia. Mdomo wake ulikuwa umeganda masizi kama ukoko wa ugali. Nikayakwangua kwa kijiti, kisha kwa mswaki wangu wa zamani, hadi chuma kikaonekana. Kijana akapima sensa mpya: volti 0.9 vali ikiwa imefungwa, na akisukuma namba zinapanda bila kuruka. Alifuta ule msimbo kwenye kompyuta, tukawasha. Taa ikakaa kimya. Nilipanda nalo hadi Rock Hotel na kurudi, nikitazama kioo cha nyuma kuliko barabara.

Ila gasketi ya vali ilichanika tulipoitoa, tukairudisha hivyo hivyo, na sasa nikikanyaga mafuta kuna mluzi mwembamba. Nyingine itakuja na taksi ya Jumanne, dereva akikumbuka.