Alama moja kila kisanduku

Jumamosi nilifunga banda langu la redio hapa Majengo saa nane, jua la Dodoma likiwa halina huruma, nikakaa na TG 501. Ni jenereta ya alama za muda ya Tektronix, kongwe, ya kuchomeka kwenye fremu ya TM 500. Shemeji aliileta ikiwa imefungwa ndani ya kanga mbili (dada bado anazidai). Kazi yake ni moja tu: kutoa vipigo vyenye nafasi sawa, vinavyoongozwa na kristali, kuanzia sekunde 5 hadi nanosekunde 1.

Osiloskopu yangu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini yenye visanduku, nilikuwa nashuku kipimo chake cha muda siku nyingi. Nikaiacha mitambo yote ipate joto kwanza, nusu saa nzima, chai ikaisha. Kisha alama za milisekunde 1, na swichi ya muda kwenye milisekunde 1 kwa kisanduku. Kila kisanduku kilitakiwa kupata alama moja. Alama ya kwanza nikailaza juu ya mstari wa pili wa skrini, macho yakaenda mstari wa kumi. Imepitiliza kulia! Karibu robo ya kisanduku katika visanduku 8, yaani asilimia 3. Mwale unaochora skrini unakimbia kupita kiasi.

Nikashika bisibisi ya plastiki, nikazungusha kirekebishi taratibu, ikatulia juu ya mstari. Hatua za kasi zaidi za swichi ya muda zina kapasita zake za kurekebisha, nazo zina vumbi la miaka. Nilikuwa nimegusa ya kwanza tu, umeme ukakatika.