Jioni Niliyolinda Mlango

Meli za kitalii ziliposimama dunia nzima mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Korona, binamu yangu alikuwa mlinzi katika mojawapo. Alirudi kwao Nyalenda na begi moja na vyeti ambavyo hapa Kisumu hakuna aliyejua vina maana gani. Kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021, watu wakaanza kusherehekea kama waliofunguliwa minyororo, na mwenye boti mmoja akamtafuta asimamie ulinzi. Binamu akanichukua nifanye kazi naye. Mimi nilikuwa nimelinda mageti ya hoteli kwa miaka mingi, lakini kulinda majini sikujua.

Boti lenyewe lilikuwa na ghorofa mbili: juu muziki na meza, chini jiko, choo, na chumba kidogo cha kuwekea viti na jaketi okozi. Jioni moja ya Desemba tulibeba wafanyakazi wa ofisi fulani waliokuwa wakifunga mwaka. Tuling'oa nanga upande wa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, jua likiwa bado kali, tukaelekea kisiwa cha Ndere, mpango ukiwa kugeuza kabla ya giza. Kabla ya kuondoka binamu alisimama kwenye ngazi akahesabu vichwa kwa kidole, akaandika kwenye daftari lake. Wageni wengine walimcheka. Yeye akaendelea kuhesabu.

Tulikuwa tumeshageuza kurudi mjini mama wa jikoni alipokuja juu kunishika mkono. Hakusema kitu, alinivuta tu. Kule chini, kando ya ngazi, msichana mmoja wa ile ofisi alikuwa ameketi sakafuni, magoti kifuani, akitetemeka. Mlango wa chumba cha viti ulikuwa wazi. Alichofanyiwa mle ndani sitakieleza. Ni chake, na alikieleza mwenyewe mahali panapohusika. Aliyemfanyia alikuwa mkubwa wake kazini, na wakati huo alikuwa ameshapanda juu, ameketi mezani na chupa mbele yake.

Nilimwita binamu kwa redio. Kila nikikumbuka dakika zilizofuata, ninawafikiria walinzi wote niliowahi kufanya nao kazi, watu wazuri, waaminifu, ambao wangepiga kelele kwanza.

Yeye alishuka taratibu. Hakusimama juu ya yule msichana. Alichuchumaa mbali kidogo, uso wake ukawa chini kuliko wa msichana, akasema, "Dada, mimi ni wa usalama. Hapa ulipo hakuna atakayekugusa tena. Unataka nani akae nawe?"

Sote tulidhani atamtaja rafiki wa ofisini. Msichana akamwangalia mama wa jikoni. Yule mama akavua leso yake ya kiunoni, akamfunika mabegani, akaketi naye palepale sakafuni. "Nyathina, mwanangu," alimwambia, "nipo."

Kisha binamu akauliza mambo matatu tu: ni nani, ni wapi, ni saa ngapi hivi. Akayaandika kwa maneno ya msichana mwenyewe, akamsomea, akanyamaza. Hakuuliza alikuwa amekunywa nini. Hakuuliza aliingiaje mle. Baadaye aliniambia kuwa maswali mengine si ya mlinzi. Mlinzi akiyauliza ovyo, msichana atayajibu akiwa katika hali ile, kisha atayajibu tena polisi, tena hospitalini, tena kortini, na kila tofauti ndogo itageuzwa kuwa uongo.

"Omera, simama mlangoni pale," akaniambia. "Usiingie. Asiingie mtu. Kila atakayekuja, andika jina na saa." Akanipa kalamu na daftari lake. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi jioni.

Dakika hazikuwa nyingi kijana wa usafi akafika na ndoo, tambara na dawa ya kuua madoa, tena kwa nia njema kabisa, maana ameambiwa kuna uchafu chini. Nilimrudisha. Nikaandika. Nikitazama nyuma, naona ile ndoo ndiyo ingetumaliza. Ushahidi mwingi katika mambo haya haupotezwi na watu wabaya. Unapotezwa na mtu mwenye bidii anayetaka pawe safi.

Msichana aliomba maji ya kuoga. Jambo hili liliniuma kuliko yote, kumwona mtu anaomba maji na anaambiwa asubiri. Binamu hakumkataza. Alimweleza kwamba mwili na nguo zake ndizo zitakazosema kwa niaba yake, kwamba akioga sasa daktari atapata kidogo, na kwamba uamuzi ni wake. Akasubiri jibu. Msichana akasema atangoja. Mama wa jikoni akaenda kuleta mifuko ya khaki, ile ya karatasi tuliyozoea tangu ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017, akaiweka tayari kwa ajili ya nguo atakapofika hospitali. Plastiki huhifadhi unyevu na kuozesha kinachotafutwa, karatasi hupumua. Mimi nilidhani mifuko ile ni ya chapati.

Juu habari ilikuwa imeshafika. Vijana wawili wa ile ofisi walimshika yule bwana kola, wakitaka kumpiga, na mmoja alisema wazi kwamba atupwe majini akaogelee hadi Homa Bay. Binamu alijiingiza katikati. "Mkimgusa," akawaambia, "kesi itakuwa yenu, na yeye atakuwa mgonjwa wa kuhurumiwa." Akamketisha nyuma ya boti karibu na msaidizi wa nahodha, bila kumfunga wala kumtukana, akamwambia abaki pale mpaka tutie nanga. Hata maji ya kunywa alimpa. Wapo waliochukia kuona anapewa maji. Mimi pia nilichukia, nikamwelewa baadaye.

Ndipo mwenye boti akaja kwangu mlangoni. Alitaka kuingia "aone tu". Nikamwambia nimeagizwa asiingie mtu. Akaniuliza boti ni la nani. Nikaandika saa. Akaondoka, akarudi na mkuu wa ile ofisi, wakamwita binamu, wakazungumza naye palepale mbele yangu. Mkuu wa ofisi alisema haya ni mambo ya ndani, yatamalizwa Jumatatu kwa kikao. Mwenye boti alisema watu wazima hukaa wakaelewana, na kwamba jina la biashara likiharibika sote tutalala njaa.

Binamu alimjibu kwa heshima, maana yule alikuwa mtu wa umri wa baba yetu. "Mzee wangu, mimi nimeajiriwa na wewe, sikatai. Lakini kazi uliyoniajiria ni kuwalinda abiria, na abiria ameumizwa. Polisi nimeshawapigia. Nimeita pia gari la kumpeleka Russia."

Wasio wa Kisumu wajue kwamba Russia ni hospitali yetu kuu ya rufaa, ya Jaramogi Oginga Odinga. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na jina hilo halijatoka midomoni mwa watu hadi leo.

Mzee akamwambia, "Kijana, kesho usije."

"Sawa, mzee. Leo bado niko kazini."

Tungefika upesi, ila upepo ulikuwa umesukuma gugumaji hadi likaziba karibu sehemu yote ya kutia nanga. Nahodha akawa anarudi nyuma na kutafuta upenyo, injini ikizimwa kila mara ili majani yasizonge pangaboi. Taa za mji tunaziona, kelele za Dunga tunazisikia, na hatufiki. Wakati huo mtu mwingine akanijia mlangoni, akasema yule bwana anaomba koti lake, amelisahau mle ndani. Sikumpa. Koti likabaki lilipokuwa, sakafuni, hadi askari alipoliokota kwa mikono yenye glovu.

Tulipofika, msichana alishuka wa kwanza, kupitia upande wa jikoni, mama akiwa naye, ili asipite mbele ya macho ya watu. Askari wa kike alikuwa amekuja, kwa sababu binamu alikuwa ameomba hivyo kwenye simu. Halafu ndipo wengine wakashuka mmoja mmoja, wakihesabiwa kwa lile daftari, na idadi ikatimia.

Usiku ule mimi na binamu tulikaa kwa mama yake kule Nyalenda, chai ikapoa mbele yetu. Nilimuuliza alijifunzia wapi yote yale, na je, huko melini ndivyo wanavyofanya wote.

Alicheka kwa uchungu. Alisema kwenye meli kubwa kuna walinzi hodari sana na kuna wengine wanaomlinda mwajiri peke yake. Mlinzi analipwa na kampuni ileile ambayo jina lake litachafuka. Meli imesajiliwa Bahama au Panama, iko katikati ya bahari, polisi wa karibu wako safari ya siku nzima au zaidi, na mlevi na aliyeumizwa wote ni wateja. Alinisimulia juu ya Kendall Carver, mzee Mmarekani ambaye binti yake alitoweka safarini kuelekea Alaska mwaka 2004. Mhudumu wa vyumba aliona kitanda hakilaliwi, akatoa taarifa siku baada ya siku, na mkubwa wake akamwambia aendelee na kazi yake. Meli ilipomaliza safari, hakuna aliyewaambia polisi wala familia. Yule baba, pamoja na wengine waliopoteza watu wao, wakaunda chama mwaka 2006 na kwenda kulisema jambo lao mbele ya Bunge la Marekani mpaka sheria ikapita. Rais Obama aliitia saini Julai 2010.

Binamu aliijua sheria ile kama mtu ajuavyo sala. Kingo za meli ziwe na kimo cha inchi 42 angalau. Milango ya vyumba iwe na tundu la kuchungulia. Makosa makubwa yaandikwe kwenye daftari na FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waarifiwe mapema iwezekanavyo. Melini kuwe na dawa za kumkinga aliyebakwa dhidi ya maambukizi, na mtu anayeweza kumchunguza ipasavyo. Mwathiriwa apewe simu ya kuongea faraghani bila malipo. Na awepo melini angalau mtu mmoja aliyefundishwa kuhifadhi ushahidi. Binamu alikuwa amepitia mafunzo hayo. "Kabla ya hapo," aliniambia, "nilijua kukamata tu." Lakini sheria ile inazibana meli zinazochukua au kushusha abiria Marekani. Kwingine, alisema, unategemea moyo wa mkubwa wa walinzi aliye zamu.

Nilimwambia niliwahi kusikia habari za meli iliyoshambuliwa na maharamia karibu na Somalia. Akaijua mara moja: Seabourn Spirit, Novemba 2005. Walinzi wawili waliwakabili maharamia kwa mpira wa maji na chombo cha kurusha sauti kali, na Malkia wa Uingereza akawatunuku kwa ushujaa wao. Binamu aliwaheshimu sana watu wale. Ila alisema maharamia ni kazi rahisi kuielewa, kwa sababu adui yuko nje na kila mtu melini anataka ushinde. Usiku ambao adui ana kadi ya chumba, amelipa nauli, na bosi wako anataka palale kimya, hapo hutapata wa kukupigia makofi. Kwangu mimi huo ndio ulinzi, na nimeona hauna mafunzo ya kutosha wala malipo ya kutosha, iwe baharini au kwenye ziwa letu hili.

Msichana alifika Russia usiku uleule. Dawa za kuzuia Ukimwi zinatakiwa zianzwe kabla ya saa 72, yeye alizianza kabla ya saa sita kupita. Kituoni alipewa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, daktari akajaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika matokeo ya uchunguzi wa mwili. Yote haya nilielezwa na mama wa jikoni, ambaye hakumwacha hata baada ya yeye mwenyewe kupoteza kazi kwenye lile boti. Sote watatu tuliachishwa. Binamu alirudi baharini meli zilipoanza kuajiri tena, mimi nikarudi hotelini, na pale nilipo sasa kila zamu ya usiku ina daftari, glovu na mifuko ya khaki.

Kesi ilipoanza kusikilizwa niliitwa kutoa ushahidi. Binamu alikuwa mbali, kwa hiyo suala la kile chumba likawa langu. Wakili wa mshtakiwa alikuwa mtu mwerevu, na alijua pa kupiga. Aliniuliza kama nina hakika kwamba kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na kufika kwa polisi hakuna aliyeingia mle akaweka au akaondoa kitu. Nikamwomba hakimu ruhusa nisome daftari. Nikasoma: kijana wa usafi, ana ndoo, hakuingia. Mwenye boti, hakuingia. Mwenye boti tena pamoja na mkuu wa ofisi, hawakuingia. Mtu aliyetumwa na mshtakiwa kuchukua koti, hakuingia, na koti halikutoka.

Hakimu aliomba kuliona. Aliligeuza kurasa, akaniuliza kama mwandiko ni wangu, nikasema ni wangu kuanzia mstari wa nne, ile mitatu ya juu ni ya binamu. Wakili akasema hana swali zaidi.