Siku moja maishani mwangu: Kijitonyama, na antena 64 za Karoo

Saa 2:00 asubuhi

Kabla ya chai ni logi ya uchunguzi wa usiku. Antena zenyewe ziko Karoo, Afrika Kusini: sahani 64 za darubini ya redio MeerKAT, kila moja ina kipenyo cha mita 13.5, zilizozinduliwa Julai 2018. Hapa Kijitonyama, Dar es Salaam, kuna meza, intaneti, na watafiti waliopewa muda wa darubini ile ambao wanahitaji kushikwa mkono kabla ya uchunguzi na baada yake.

Kwenye logi tunatazama antena ngapi zilikuwa kazini, kwa sababu si kila usiku zote 64 huwa pamoja. Tunatazama kalibreta zipi, yaani vyanzo vya angani vya kupimia, zilitembelewa na kwa dakika ngapi. Kisha saa ya kuanza, na hapo ndipo wengi huteleza. Logi nzima iko kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, Karoo wako nyuma yetu kwa saa moja, na sisi tunahesabu saa kuanzia macheo. Kanuni tunayowapa wageni ni hii: saa ya Kiswahili ya mchana, ongeza 3, umepata UTC. Saa 2 asubuhi ni 05:00. Ya usiku ongeza 15, ikifika 24 au kuzidi toa 24. Saa 4 usiku ni 19:00.

Tarehe nayo ina mtego wake. Siku ya UTC hubadilika saa 9 usiku hapa Dar, kwa hiyo uchunguzi wa saa 8 usiku kuamkia tarehe 14 utaukuta kwenye hifadhi chini ya tarehe 13. Watu wametuandikia kwamba data zao zimepotea, kumbe wametafuta siku isiyo yake.

Saa 3:30 asubuhi

Maombi ya msaada. La kwanza karibu kila wiki: data hazishuki.

Tunamwekea mtafiti hesabu mezani. Antena 64 zinaunda jozi 2,016. Ukijumlisha kila antena na nafsi yake zinakuwa 2,080. Zidisha kwa chaneli 4,096 (vipande vya masafa), kisha kwa polaraizesheni 4 (michanganyiko ya pande mbili za mtikisiko wa mawimbi, H na V), unapata vipimo milioni 34 kila sekunde 8, na kila kipimo ni baiti 8. Hiyo ni gigabaiti 120 hivi kwa saa, kabla ya kuhesabu uzito wa vipimo na alama za data mbovu. Uchunguzi wa saa 8 unakaribia terabaiti 1. Kwenye laini ya megabiti 50 kwa sekunde, isiyokatika hata mara moja, ni zaidi ya saa 40 za kushusha.

Kwa hiyo usishushe. Omba akaunti kwenye sava za ilifu, kituo cha kompyuta cha utafiti kilicho Cape Town, chakata hukohuko, ulete Dar picha za mwisho tu. Unapogeuza data ziwe faili za kuchakatwa, kwa programu ya mvftoms.py, usiongeze chaguo la -f kama hushughulikii polaraizesheni: bila hilo programu huandika HH na VV peke yake, na mzigo unapungua nusu. Taja pia chaneli unazozitaka. Na kila kazi ianzishwe ndani ya tmux, programu inayoiacha kazi iendelee kwenye sava hata ukikatika. Umeme ukikatika Kijitonyama, mawasiliano yako na sava yanakatika pia. Bila tmux, kazi ya saa 6 inakufa nayo.

Saa 5:00 asubuhi

Hapa ndipo siku inapolala. Mtafiti anafungua picha ya galaksi yake, anaona michirizi, anaanza kubadilisha vigezo vya kutengeneza picha. Sisi tunamrudisha kwenye kalibreta. Kalibreta ni chanzo ambacho sura yake na nguvu yake vinajulikana. Kikitoka vibaya, chochote kilichopimwa kwa kukitegemea kitatoka vibaya vilevile.

Kwa MeerKAT kalibreta kuu ni J1939-6342, ambayo karibu na 1.4 GHz ina nguvu ya janski 15 hivi (janski ni kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio). Inaposhuka mno angani hutumika J0408-6545. Tofauti kati ya hizi mbili imewagharimu watu miezi. Amri ya setjy, inayoweka nguvu ya kalibreta katika CASA (programu ya kuchakata data za redio), ina modeli ya ile ya kwanza. Ya pili unaiandika mwenyewe: nguvu, masafa rejea, na jinsi nguvu inavyopungua kadiri masafa yanavyopanda. Ukiisahau, gaincal, amri ya kukokotoa marekebisho ya antena, inadhani inatazama nukta ya janski 1, wakati chanzo kina takriban 17. Picha itatoka safi kabisa, na kila namba ndani yake itakuwa ndogo mara 17. Makosa ya aina hii ndiyo tunayoyaogopa kuliko michirizi, kwa kuwa hayaonekani kwa macho.

Mpangilio wetu: weka alama kwenye data mbovu, setjy, ucheleweshaji wa kila antena, bandpasi (mwitikio wa kila chaneli), kisha geini (mabadiliko ya antena kadiri muda unavyopita). Baada ya kila hatua chora grafu. Fezi (hatua ya wimbi katika mzunguko wake) inayopanda kama ngazi kutoka chaneli hadi chaneli ni ucheleweshaji uliobaki. Nanosekunde 1 tu huzungusha fezi karibu duara zima katika upana wa 856 MHz. Antena rejea, ile ambayo nyingine zote hulinganishwa nayo, ichaguliwe kati ya zile zilizo kwenye kiini cha safu ya antena, na uhakikishe haikuzimwa katikati ya usiku.

Mwingiliano wa mawimbi una makazi yanayojulikana: simu za mkononi kati ya 900 na 960 MHz, vifaa vya ndege baada ya 1,025 MHz, setilaiti za kuongozea njia kati ya 1,150 na 1,300 MHz, kisha tena kuanzia 1,520 hivi. Jozi za antena zilizo karibu ndizo huumia zaidi. Mstari wa hidrojeni, mawimbi yanayotoka kwenye gesi hiyo, uko 1,420.4 MHz, mahali pasafi, lakini galaksi ya mbali yenye z (kiwango cha kunyooka kwa mawimbi) ya 0.2 mstari wake umeshuka hadi 1,184 MHz, katikati ya setilaiti. Hilo tunamwambia mtu kabla hajaandika ombi la muda.

Saa 7:00 mchana

Wali na maharage, robo saa.

Saa 8:00 mchana

Ratiba za wiki ijayo. Antena hazishuki chini ya nyuzi 15 juu ya upeo, kwa hiyo chochote kilicho kaskazini ya deklinesheni (latitudo ya angani) +44 hakionekani. 3C286, kalibreta inayopendwa kwa polaraizesheni, haipandi zaidi ya nyuzi 29 kule Karoo. Dirisha lake ni fupi na lazima lipangwe kwanza. Kalibreta ya geini tunaipa dakika 2 kila baada ya dakika 15 hadi 20.

Anayetaka kupima jinsi hidrojeni inavyozunguka katika galaksi ndogo tunamwuliza amechagua chaneli ngapi. Kwa 4,096, kila chaneli inabeba tofauti ya kasi ya kilomita 44 kwa sekunde, na galaksi nzima inaweza kumezwa na chaneli mbili. Kwa 32,768 ni kilomita 5.5, na data huongezeka mara 8.

Saa 10:30 jioni

Picha. Pikseli ya sekunde ya tao 1.5 (sekunde ya tao ni sehemu 1 ya 3,600 ya nyuzi) inatosha kwa picha yenye ukali wa sekunde 6 za tao hivi. Eneo linaloonekana ni karibu nyuzi 1, yaani pikseli 2,400, lakini vyanzo vikali nje ya eneo hilo navyo huingiza mawimbi yake, kwa hiyo picha iwe pana zaidi. Vyanzo vya pembeni vikijikunja kama kucha, marekebisho ya w, yaani ya antena kutokuwa kwenye bapa moja kuelekea chanzo, hayakuwashwa: washa wproject kwenye tclean, amri ya CASA ya kutengeneza picha, au tumia programu ya WSClean.

Saa 12:00 jioni

Kazi ya usiku inawekwa kwenye foleni ya sava. Kabla ya kufunga tunamwandikia mtafiti jina la antena rejea, nguvu tuliyoandika kwenye setjy, na chaneli zilizotupwa, ili kesho akiona tofauti ajue pa kuanzia.